SUFURIA NDANI YA KIKAPU: Nyama ya Ng'ombe na Mboga kwa Kuni Kidogo

Mwezi huu katika ukurasa wa jamaa tunaongea juu ya jambo linalotugusa wote hapa Nakivale, awe Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali au Mwethiopia: nyama ya ng'ombe na kuni zake.

Kupata pesa ya nyama ni shida ya kwanza. Kuiivisha hiyo nyama ni shida ya pili, na kwa nyumba nyingi hiyo ya pili ndiyo kubwa. Nyama ya huku ni tamu, hakuna ubishi, lakini mara nyingi ni ngumu. Ng'ombe wa Ankole, huyu wa pembe ndefu, anatembea mbali kutafuta majani na maji. Akichinjwa akiwa amezeeka, nyama yake inataka moto wa saa mbili na nusu mpaka saa tatu. Mama anapuliza moto, macho yanatoka machozi, kuni zinaisha, na bado mtoto anatafuna kipande kimoja mpaka anakitema. Ndiyo sababu mtu anasimama mbele ya bucha na pesa mkononi, anafikiria kuni, halafu anapita.

Iko njia nyingine. Unapika kwa moto dakika 50 hivi, unafunga sufuria ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu au nguo kuukuu, unaendelea na kazi zako saa nne bila moto wowote, kisha unairudisha motoni dakika 10. Moto wote ni kama saa moja tu. Umeme hautakiwi, na kikapu chenyewe unaweza kukitengeneza bila kununua karibu kitu chochote.

Lakini njia hii ina masharti yake, na mengine ni ya kulinda afya. Kwa hiyo tunawaomba msome mpaka mwisho kabla ya kwenda kuwasha moto.

KUNI ZINATOKA WAPI?

Makazi yetu ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ni kati ya makazi ya zamani sana ya wakimbizi katika Afrika. Toka wakati ule mpaka leo, watu wameongezeka na miti imepungua. Kila nyumba inawasha moto kila siku. Kuni za karibu zimekwisha zamani, basi tunaenda mbali zaidi, tunapita katika mashamba na malisho ya wenyeji, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mwenye shamba anasema tunamwibia miti yake. Sisi tunasema watoto hawawezi kula mahindi mabichi. Kila mtu ana haki yake.

Na ni nani anayetumwa? Tuseme ukweli: ni mama, na kama mama hayupo, ni binti. Anatoka asubuhi na panga na kamba, anarudi mchana na mzigo kichwani. Siku hiyo shule imempita. Njiani yuko peke yake, na wazazi wote tunajua hofu ya njia ile. Wale wanaonunua makaa (sisi tuliotoka Kongo tunasema makala) hawatembei porini, lakini wanalipa pesa ambayo ingenunua sabuni au daftari. Na wengine wanauza sehemu ya chakula ili wapate cha kupikia kile kinachobaki.

Siku hizi jambo hili limekuwa zito zaidi. Toka 2023 msaada wa chakula hapa Uganda unatolewa kwa kupima uhitaji wa kila familia, na Mei 2025 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, WFP, lilitangaza kwamba wakimbizi karibu milioni 1 nchini wameondolewa katika msaada huo. Nyumba ambayo inajinunulia kila kitu haiwezi kuchoma kuni za saa tatu kwa sufuria moja.

Tena kuna moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya jikoni viliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kikohozi cha mtoto mchanga anayebebwa mgongoni wakati mama anapika si jambo la kuzoea.

MOTO HAUIVISHI, JOTO NDILO LINALOIVISHA

Wengi wetu tunafikiri kwamba moto ukiwa mkali nyama itaiva haraka. Sivyo. Maji yakishachemka ndani ya sufuria ya kawaida, hayaongezi joto tena, hata ukiweka kuni mara mbili. Huku kwetu, kwa sababu tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka yakifika nyuzi 96 hivi. Mbarara, ambayo iko juu zaidi, ni nyuzi 95 hivi. Kuni zote unazoongeza baada ya hapo zinafanya kazi moja tu: kugeuza maji kuwa mvuke unaopotea hewani.

Na nyama ngumu inahitaji nini? Ndani yake kuna nyuzi nyeupe zinazoshika misuli pamoja. Ng'ombe akitumia sana kiungo fulani, kama shingo au miguu, nyuzi hizo zinakuwa nyingi. Zikikaa katika joto la nyuzi 70 mpaka 80 na zaidi kwa muda mrefu, zinayeyuka polepole na kuwa laini. Mmeona supu ya kongoro, hii ambayo Waganda wanaita molokoni, jinsi inavyoganda ikipoa? Zile ndizo nyuzi zilizoyeyuka. Kwa hiyo nyama ngumu inadai muda mrefu katika joto, si moto mkali.

Basi kama maji yamechemka tayari na tunaweza kulizuia joto lisikimbie, nyama itaendelea kuiva yenyewe. Fikiria chupa ya chai. Unatia chai saa moja asubuhi, na mchana bado inatoa mvuke, ingawa chupa haina moto ndani yake. Kikapu chetu ni chupa ya chai kubwa, ya sufuria.

SI JAMBO JIPYA

Mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya Paris, watu wa Norway walionyesha sanduku la kupikia namna hii. Wakati wa vita viwili vikuu vya dunia, akina mama wa Uingereza walifundishwa kupika katika sanduku lililojazwa majani makavu, kwa sababu makaa ya mawe na gesi vilikuwa haba. Afrika Kusini, toka 2008, wanatengeneza mfuko wa kitambaa wa kazi hiyohiyo unaoitwa Wonderbag. Kwa majirani zetu wa Kenya, vikapu vya kupikia vimefundishwa kwa miaka mingi katika vikundi vya akina mama.

Na ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wanakuta huko sufuria ya umeme inayopika polepole mchana kutwa mtu akiwa kazini. Aliyeibuni ni Irving Naxon, aliyepata hataza yake mwaka 1940. Alisema wazo alilipata kwa hadithi ya mama yake, juu ya Wayahudi wa Lithuania waliokuwa wanapeleka vyungu vya maharage na nyama katika tanuri la mwoka mikate siku ya Ijumaa, viive polepole usiku kucha, kwa sababu siku ya Sabato hawawashi moto. Mwaka 1971 sufuria hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la Crock-Pot.

Ile ya umeme inafaa kwa mtu aliyepanga Mbarara mwenye umeme wa uhakika. Sola ndogo tulizo nazo hapa ni za taa na simu, haziwezi kuendesha jiko la namna hiyo kwa masaa mengi. Lakini kikapu kinafanya kazi popote, hata kwa yule wa Mbarara anayepikia sigiri na kununua makaa kwa kopo.

KUTENGENEZA KIKAPU

Tafuta kikapu kikubwa, boksi gumu, au ndoo pana iliyovunjika mshikio. Kipimo ni hiki: ukiweka sufuria yako katikati, pande zote ibaki nafasi ya sentimita 10, yaani upana wa kiganja cha mtu mzima pamoja na kidole gumba.

Cha kujazia kiko karibu nasi. Isingiro ni nchi ya migomba, basi majani makavu ya mgomba hayakosekani. Nyasi kavu zinafaa. Nguo zilizochanika, vipande vya blanketi na sponji za godoro la zamani vinafaa zaidi. Anayepita Mbarara anaweza kuulizia mabaki ya sponji kwa mafundi wa viti na magodoro. Lazima kila kitu kiwe kikavu kabisa, kwa sababu kitu kibichi kinanyonya joto.

Fanya hivi:

1. Tandika chini majani au nguo, unene wa sentimita 10, ukandamize kidogo.

2. Weka sufuria tupu katikati, kisha jaza pande zote mpaka usawa wa kifuniko. Ukiitoa, ibaki shimo lenye umbo lake, kama kiota cha kuku.

3. Funika kiota hicho kwa kitambaa safi ambacho unaweza kukitoa na kukifua. Chakula kikimwagika, usiache kitambaa kinuke na kuita panya na mende.

4. Shona mto wa kufunikia juu. Gunia dogo au suruali kuukuu iliyojazwa nguo inatosha. Mto uwe mnene, tena uwe mpana kuliko mdomo wa kikapu, kwa sababu joto jingi linatorokea juu.

Kabla ya kuweka chakula, kijaribu kwa maji. Jaza sufuria maji, yachemke vizuri, funga ndani ya kikapu saa nane mchana, fungua saa kumi na mbili jioni. Kama maji yanatoa mvuke mwingi na huwezi kabisa kushika sufuria kwa mkono mtupu, kikapu ni kizuri. Kama ni ya vuguvugu, ya kuogea mtoto, kikapu bado. Ongeza majani, ongeza mto, jaribu tena. Usipike nyama ndani ya kikapu ambacho hakijapita mtihani huu.

SOKONI

Sasa twende sokoni, iwe Rubondo, Juru au pale Base Camp. Kwa kikapu, usitafute nyama laini ya bei kubwa. Omba shingo, kifua, mguu wa mbele au mkia, zile sehemu zenye nyuzi nyingi. Hizo ndizo zinazotoa mchuzi mzito. Nunua nyama ya siku hiyohiyo, iliyochinjwa asubuhi, na uipike siku hiyohiyo. Nyama iliyokaa juani mchana kutwa na kufunikwa na nzi, kikapu hakiwezi kuisafisha.

Kwa watu sita au saba, na sufuria ya lita 4 na nusu hivi, tayarisha:

- nyama ya ng'ombe robo tatu ya kilo (hata nusu kilo inafaa, ongeza viazi)
- viazi mviringo kilo 1
- karoti 3
- nyanya chungu 4 (Warundi na Wanyarwanda wanasema intoryi, Waganda wanasema entula)
- vitunguu 2 na nyanya 4
- kabichi robo, na fungu moja la lengalenga, ambalo sokoni wanaita dodo
- kitunguu saumu punje 3 na kipande cha tangawizi, kama vipo
- mafuta vijiko 2 vya chakula
- chumvi kijiko cha chai 1 na nusu
- maji lita 1, yaani chupa mbili za nusu lita

Mtaona maji ni machache kuliko mlivyozoea. Katika kikapu mvuke hautoki, basi maji hayapungui. Ukitia mengi utapata supu nyepesi.

KUPIKA

Anza saa nane mchana kama mnakula saa moja jioni. Andaa kila kitu kabla ya kuwasha moto: kuni kavu zilizopasuliwa ndogo, mboga zilizooshwa, kikapu kiko tayari pembeni na mto wake.

Kwanza, kata nyama vipande vya sentimita 3, kama nusu ya kiberiti. Kipande kikubwa kama ngumi hakitaiva ndani. Pasha mafuta, tia vitunguu, kisha nyama. Igeuze mpaka ibadilike rangi pande zote, kama dakika 10.

Pili, tia nyanya zilizokatwa, kitunguu saumu na tangawizi. Koroga dakika 5 mpaka nyanya zivunjike.

Tatu, tia maji na chumvi. Funika, yachemke kwa nguvu dakika 25. Kama nyama ni ya ng'ombe mzee sana, ongeza dakika 15 hapa.

Nne, tia viazi, karoti na nyanya chungu. Viazi vikate viwili tu, karoti vipande virefu kidogo, ili visiwe uji. Sufuria iwe imejaa kama robo tatu. Hili ni muhimu: sufuria yenye chakula kingi inashika joto, yenye chakula kidogo inapoa haraka. Funika, irudi kuchemka, na kuanzia hapo ihesabu dakika 10 kamili.

Tano, usifungue tena kifuniko. Kama hakibani vizuri, weka jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto kati ya sufuria na kifuniko. Toa sufuria motoni, pangusa masizi ya chini haraka kwa kitambaa cha zamani, na hakikisha hakuna kaa hata moja lililong'ang'ania chini. Iweke ndani ya kiota, funika kwa mto, bana vizuri. Kutoka motoni mpaka kikapuni isipite dakika moja.

Sasa zima moto. Kuni zilizobaki zitoe, zimwagie mchanga, uzitunze kwa kesho. Ni saa tisa. Mpaka saa moja jioni hakuna wa kupuliza moto wala kuchungulia sufuria. Waswahili wanasema mvumilivu hula mbivu, na hapa ni hivyohivyo: kila ukifungua kifuniko, unatoa joto ambalo hakuna moto wa kulirudisha.

Sita, saa moja kasorobo, au watoto wakishanawa, toa sufuria. Iwashie moto mdogo, tia kabichi na lengalenga zilizokatwa, chemsha kwa nguvu dakika 10. Onja chumvi. Nyama itakatika kwa kijiko, na viazi vitakuwa vimekunywa mchuzi. Pakua na ugali, wali au matoke.

MASHARTI YA AFYA

Hapa tunaomba muwe makini. Vijidudu vinavyoleta kuhara na kutapika vinaongezeka haraka katika chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, yaani chakula cha vuguvugu. Kikapu kizuri kinashika sufuria juu ya kiwango hicho. Kikapu kibaya, au uvivu wetu, kinaishusha ndani yake.

Chakula kichemke kweli kabla ya kufungwa. Usifunge sufuria ambayo inaanza tu kutoa povu. Ni hayo machemsho yanayoua vijidudu, na ni joto hilo litakalopika kwa masaa yote yanayofuata.

Kichemke tena kabla ya kula. Hata kama umeonja na kimeiva, kirudishe motoni dakika 10, wazee na watoto wasile kabla ya hapo.

Kisikae zaidi ya saa tano. Wengine watasema, kwa nini nisifunge usiku nile asubuhi? Hapana. Usiku kucha ni saa kumi na zaidi, na kikapu chetu hakiwezi.

Ukifungua ukakuta sufuria ni ya vuguvugu, na unaweza kuishika kwa mkono bila shida, usile nyama hiyo. Tunajua neno hili ni gumu katika nyumba yenye njaa. Lakini kuna vijidudu vinavyoacha sumu ambayo haiondoki hata ukichemsha tena. Ndiyo sababu tulisema kikapu kijaribiwe kwa maji kwanza: ni afadhali kumwaga maji kuliko kumwaga nyama, na ni afadhali kumwaga nyama kuliko kupeleka mtoto kituo cha afya usiku.

Mtu akifungua kifuniko katikati, kwa mfano mtoto ameonja, usifunge tena hivihivi. Rudisha sufuria motoni, ichemke dakika 10, kisha anza upya.

Mwisho, kikapu ni majani na nguo, na vinashika moto. Kisikae karibu na mafiga wala sigiri, na usitie makaa ndani ukifikiri utaongeza joto.

KILA MTU NA SUFURIA YAKE

Sufuria hii si ya kabila moja. Ukitoa viazi ukaweka ndizi mbichi za matoke, umepata katogo ya Waganda na Wanyankole, na Wanyarwanda watakuambia ni agatogo yao. Majirani zetu Wasomali wanaweza kutia xawaash na iliki, na nyama ya mbuzi mahali pa ng'ombe. Mbuzi naye akizeeka ni mgumu vilevile. Sombe nayo inapenda moto mrefu: itwange na uichemshe kwanza bila kifuniko kama mlivyozoea, mpaka ile harufu kali itoke, kisha funika, ichemke tena, ifunge.

Lakini faida kubwa iko katika maharage, kwa sababu nyama tunakula siku moja moja, na maharage karibu kila siku. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo. Tia maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 30 mpaka 40, funga saa nne, chemsha tena dakika 10 na vitunguu vyako. Hayo machemsho ya kwanza usiyapunguze hata kidogo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo inaondoka kwa kuchemka kweli tu. Yakipashwa kwa joto dogo bila kuchemka, yanaweza kuumiza tumbo kuliko yakiliwa mabichi.

Mchele ni mwepesi zaidi: uchemke dakika 5, ufunge dakika 45. Ugali peke yake haukubali kikapu, kwa sababu unataka mkono wa kuukoroga.

HESABU YA NYUMBANI

Tufanye hesabu pamoja. Nyumba inayopika maharage mara tano kwa wiki, kila mara saa tatu, inawasha moto saa 15. Kwa kikapu, kila mara ni dakika 50 hivi, na kwa wiki ni kama saa nne na dakika 10. Hata kama kikapu chako si kizuri sana na unahitaji kuongeza muda wa moto, bado umebakiza zaidi ya nusu. Pale mama alipokuwa anatembea mara tatu kwa wiki kutafuta kuni, huenda sasa atatembea mara moja, na siku hiyo moja wanaweza kupanga kwenda wengi pamoja.

Jiko la udongo la kuokoa kuni msiliache. Jiko hilo na kikapu ni ndugu: moja linachemsha kwa kuni kidogo, kingine kinamaliza kazi bila kuni.

Na akina baba, neno moja kwenu. Kushona mto na kusuka kiota ni kazi ya jioni moja, haina jinsia. Kabla binti yako wa darasa la sita hajatumwa tena porini siku ya shule, kaa chini na majani yako makavu na gunia lako, ukitengeneze hicho kikapu. Kisha muulize mama wa nyumba ni siku ngapi za kuni kimewaokoa, na siku hizo mmpe binti akae darasani.

Wasomaji, jaribuni, mkianza na maji, kisha maharage, kisha nyama siku mtakapoipata. Walio na kikapu kinachoshika joto vizuri wawaonyeshe majirani jinsi walivyokijaza. Na yeyote mwenye mapishi ya kwao yanayokubali kikapu, atuandikie au atuletee kwa mdomo, tutayaweka katika ukurasa huu ili na wengine wayaonje. Mbaki salama, na chakula chema.